Zabibu Moja

Jumanne, saa nane mchana, ghorofa ya nne,
walitugawia zabibu kavu, moja moja, kiganjani.
Sisi kumi na wawili wa wodi ya moyo, hospitali ya Kutaisi,
wengine bado na glavu mfukoni,
Nugzari na stetoskopu shingoni
kama kitanzi alichokwisha kukizoea.

"Itazameni," akasema Bi Eteri,
aliyefika kutoka Tbilisi kwa treni ya alfajiri.
"Itazameni kana kwamba hamjapata kuona zabibu."

Hamjapata kuona zabibu!
Mimi, Lamzira, mjukuu wa mkulima wa Kakheti,
niliyeanza kukanyaga zabibu kabla sijajua kukimbia!
Nikacheka puani.
Natela akanifinya paja.

Basi nikaitazama, shingo upande.
Mikunjo. Kahawia inayokaribia weusi.
Kishimo pale iliposhikwa na kikonyo:
kitovu, nikawaza, hata hii ina kitovu.

"Sasa inuseni. Sasa iwekeni ulimini. Msitafune."

Dakika kumi hizo.
Kitanda cha tisa dripu inaelekea ukingoni,
na tangu Januari wauguzi watatu wameondoka:
mmoja Poland,
mmoja Italia, kulea wazee wa watu,
mmoja hatujui.
Nafasi zao zinakaliwa na vumbi.
Wametupunguzia mikono, nikawaza,
wakatuongezea pumzi.
Pumzi haina mshahara.

Kumbe nilisema kwa sauti.

Hakuna aliyekohoa.
Bi Eteri akavuta kiti, akaketi karibu yangu.
"Kweli," akasema, "zabibu haiajiri mtu.
Nilikuwa muuguzi wa mahututi miaka kumi na minane.
Siku moja niliosha maiti ya kijana,
nikaenda nyumbani, nikaosha sahani,
na mikono yangu haikujua tofauti.
Barua kwa wakubwa iandikeni, nami nitatia sahihi.
Lakini hiyo iliyo mdomoni mwako, tafuna."

Nikatafuna.

Sukari kwanza, kisha uchachu nyuma yake,
kisha paa la bati la babu, mwezi wa tisa,
nyuki, na mbegu moja iliyokwama kwenye jino.
Na chini ya hayo yote
nikakuta jambo ambalo sikulitafuta:
nilikuwa na njaa.
Sikuwa nimekula tangu chai ya jana jioni,
na hakuna aliyekuwa amenijulisha,
hata mimi.

Usiku ule kengele ya kitanda cha tisa ililia mara sita.
Mzee Malkhazi, dereva wa zamani wa trolibasi.
Mara tano nilimpelekea nilichodhani anataka:
mto, maji, kidonge, mto tena, maneno.

Mara ya sita nilisimama kwenye sinki.
Maji baridi, halafu vuguvugu.
Sabuni yenye harufu ya limau la uongo.
Ufa kwenye kidole gumba, unaowasha.
Sekunde ishirini zile zile za kila siku,
ila safari hii nilikuwa ndani yake.

Nikaingia. Hakuwa ananitazama.
Alikuwa anatazama pazia.
"Dirisha?" nikauliza.
Akafumba macho, kama mtu aliyetua mzigo.

Nikafungua pazia. Taa za daraja, mto Rioni mweusi,
na chembe nyeupe zikishuka bila haraka.
"Theluji," akasema. "Nilijua.
Nimesikia barabara ikinyamaza."
Miaka thelathini na moja ya usukani,
naye alitaka tu kuhakikisha.

Alilala hadi saa kumi na moja.
Mimi sikulala, lakini nilikula mkate,
nimesimama, na jibini, polepole kidogo.

Barua tumeiandika. Majina kumi na matatu,
la Bi Eteri likitangulia. Haijajibiwa.
Wodi bado ina pengo la watu watatu,
na wiki iliyopita nilimfokea mtoto wa mgonjwa
kabla sijakumbuka kuvuta hata pumzi moja.

Mfukoni mwa koti langu kuna zabibu.
Natela huziiba.
Huzimeza mbili mbili, bila kuzitazama.