Gundi Haishiki Gundi

Õnne amekivuta kiti kukatiza ziwa lililoganda,
kimelazwa chali juu ya sleji ya wajukuu,
mguu mmoja umefungwa kwa skafu.
Hapa Viljandi, Januari, jua ni la kuazima:
linarudishwa kwa mwenyewe kabla ya saa kumi.

"Nataka gundi isiyoachia," akasema, hajavua hata glavu.
"Ile ya kwenye tangazo, inayoning'iniza gari hewani."

Nikakipindua.
Mwaloni, mzee kuliko sisi wawili tukijumlishwa.
Ulimi umechomoka tunduni, umevaa makoti:
nyeupe ya watoto wa shule, imebambuka kama ukoko wa uji;
ya matone, ile inayoshika vidole kabla ya mbao,
imekuwa kioo chenye nyufa;
ya mirija miwili, manjano, ngumu kama kinyongo;
na katikati ya yote msumari,
sahihi ya mtu aliyechoka.

"Kalju," akasema. Hilo tu.

Lakini patasi ilipoanza kukwangua
akaanza kusoma, koti baada ya koti.
Msumari ni vuli hii, mikono ilikuwa inamtetemeka.
Manjano ni mwaka kiwanda kilipofungwa,
alikuwa na siku nzima nzima na hana pa kuzipeleka.
Ya matone ni ile Krismasi.
Hakusema Krismasi gani, nami nikapuliza vumbi.
Nyeupe ni Riina, akijifunza kusimama,
akikipanda kiti kama ngazi ya kwendea dunia.

Nikamwambia ninachomwambia kila ajaye:
gundi haishiki gundi.
Hushika mti, na mti uwe mtupu,
uwe na vinyweleo vya kunywea.
Kalju alikuwa akitengeneza matengenezo yake.

Kwenye rafu nina makopo saba.
Nikashusha la mwisho, lisilo na picha:
punje za ngozi ya ng'ombe, rangi ya chai ya rangi.
Zinalala majini usiku kucha, zinaamka zimevimba,
zinapashwa taratibu, zisichemke, zikichemka zimekufa.
Akainamia kopo. "Inanuka zizi."
Kisha, kwa sauti nyingine: "Zizi la mama."

"Na hii, haiachii?"
"Inaachia. Ukiiomba kwa maji moto na subira."
"Basi hiyo si gundi."
"Atakuja mtu, miaka sitini ijayo, na kiti mikononi.
Sitaki anitukane kama mimi ninavyo..."
Nikanyamaza. Nilikuwa nimechelewa.

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza.
"Mtukane tu. Mimi nilimtukana miaka arobaini na moja."

Chini ya kikalio, pembeni,
tone la manjano, ukubwa wa haragwe,
na ndani yake, mistari yote imetimia, alama ya dole gumba.
Alilibonyeza kuona kama limekauka.
Halikuwa limekauka.
Patasi yangu ilishafika ukingoni mwake.

"Hapo usiguse."
"Mama, hili halishiki kitu."
"Najua halishiki kitu."

Kiti kikalala kwenye jiriwa mpaka keshokutwa.
Gundi iliyofurika niliifuta kwa kitambaa cha uvuguvugu,
nikilizunguka lile haragwe kama anayedeki chumba
chenye mtu aliyelala.

Alipokuja kukichukua alilipa sarafu kwa sarafu,
akauliza msumari uko wapi.
Ulikuwa kwenye kopo la vyuma chakavu, pamoja na wengine mia.
Sikujua upi.
Nikachagua mmoja uliopinda.
Akautumbukiza ndani ya glavu, akafunga kamba ya sleji.