Kidete

Nilikuita Kidete kabla hujasimama hata mara moja.
Jina ni ahadi, na ahadi ni deni,
nami deni hili nimelilipa kidogo kidogo,
mota kumi na saba, moja kila mwisho wa mwezi,
kwa Shaame wa Mtaa wa Aggrey
azitikisaye sikioni kama anachagua nazi.

Kifua chako kilikuwa sufuria ya ubwabwa.
Mama anaiulizia mpaka leo.
Magoti alinichongea Chande kule Gerezani,
katikati ya cheche na rangi ya magari.
"Mdoli wa mtoto, dada?"
Nikasema, bondia.
Akanipunguzia bei kwa huruma.

Watu hudhani kazi ni kupiga.
Kupiga, hata mlango hupiga.
Kazi ni kupiga na kubaki ulipo.
Kila uliporusha konde, konde lilikurusha wewe,
ukaanguka kwa nguvu zako mwenyewe
mezani, godoroni, siku moja ndani ya ndoo,
nami naandika daftarini:
nyuzi tano mbele, kaanguka.
Nyuzi nne, kaanguka.
Nyuzi nne na nusu, kasimama,
kasimama,
kaanguka.

Nikakubeba kwenye kikapu hadi Manzese, kwa kocha Mwinjuma,
uani nyuma ya duka la mbao, penye magunia ya mchanga.
Vijana wake walicheka mpaka mmoja akakaa chini.
Kocha hakucheka. Alichuchumaa
akakutazama miguu, kwa muda mrefu,
kama mtu anayenunua farasi.
"Huyu hana vifundo," akasema.
"Ngumi haitoki begani, binti.
Inatoka kisiginoni, inapanda, inapita kiunoni,
mkono ni tarishi tu."

Mota mbili zaidi.
Niliuza baiskeli.

Jumamosi, ukumbi wa shule, Chang'ombe.
Feni tatu, moja ndiyo inazunguka.
Asubuhi walipigana wenye magurudumu,
visanduku vifupi, vikali, visivyojua kuanguka
kwa sababu havijawahi kuwa wima.
Wenye miguu miwili tulijiandikisha wanne.
Wa kwanza hakuwaka.
Wa pili aliwaka, akatembea, akashuka ulingoni kwa heshima
kama aliyesahau kitu nyumbani.

Ukabaki wewe na Tufani,
wa Pendaeli na wenzake wa Mbezi,
skrubu zake zote rangi moja.

Kengele. Mkaendeana
kwa hatua za watu wanaovuka Jangwani mvua ikiisha,
unyayo, kisha mashaka, kisha unyayo.
Tufani akapiga hewa, akayumba.
Nawe ukapiga.
Hukumgusa. Shibiri nzima ilibaki kati yenu.
Lakini kisigino kilikaza, kifundo kikapinda,
kiuno kikafuata, na ngumi ilipokwisha
ulikuwa bado upo pale.
Nyuma ya ukumbi mtu akapaza sauti: "Kasimama!"
nikaijua ni ya nani.

Ndipo Tufani akakusukuma kwa bega, bila ustadi wowote,
ukalala chali ukitazama mabati.

Moja. Mbili. Ukajigeuza.
Nne. Ukapata mikono.
Sita. Goti. Nikasahau kupumua.
Nane, goti la pili, na umeme ukakatika.

Gizani hatukusikia namba tena.
Tulisikia gia zako tu, kri, kri,
kama panya mwenye subira.
Simu zikaanza kuwaka, moja hapa, moja kule,
na katika mwanga ule wa vipande vipande
ulikuwa umesimama, wima kabisa,
umempa adui mgongo.

Mwamuzi akasema kumi ilishapita.
Sikubisha. Nilikuwa natafuta leso.

Mwinjuma alikuja akakubonyeza kifundo kwa kidole gumba.
"Jumatatu mlete. Tutaanza na kugeuka."

Nyumbani Mama hakuuliza nani kashinda.
Aliuliza, sufuria je?
Imebonyea, nikamwambia. Kidogo.
Upande wa moyo.