Hasi Moja

Shangazi Ng'wasi ananiwekea pakiti tupu mezani,
picha ya dagaa mbele, nyuma pameachwa peupe.
"Wenye duka la Nyegezi wanataka namba.
Wewe umesoma. Andika nguvu iliyomo."

Nakunjua karatasi ya maabara.
Katika gramu mia: maji tisa,
protini sitini, mafuta kumi na nne,
majivu kumi na nane.
Wanga hawakuupima, namweleza;
wanga ni kinachosalia ukishatoa vyote,
kama chenji.
Natoa. Narudia kutoa.
Inabaki hasi moja.

"Hasi? Kwa hiyo dagaa wangu wanadaiwa?"
"Vipimo huteleza kidogo, shangazi. Tunaandika sifuri."
"Mwenye mizani akiteleza, sifuri.
Niteleze mimi pale mwaloni robo kilo,
naitwa mwizi."

Tunaendelea. Protini mara nne: mia mbili arobaini.
Mafuta mara tisa
"Mara tisa?"
Anacheka mpaka khanga inamvuka begani.
"Ndiyo maana bibi yako alificha kibuyu cha samli
akatuachia mtindi!"
Mia moja ishirini na sita. Jumla,
kilokalori mia tatu sitini na sita.

"Na majivu? Umeyaruka."

Majivu hayana nguvu. Ni kile kilichogoma kuungua
tanuri lilipofika nyuzi mia tano na hamsini:
mifupa, chumvi,
na mchanga, shangazi. Mchanga wa Igombe.

Hapo hakucheka.
Miaka ishirini ameanika pale chini,
akigeuza kwa ufagio jua likiwa utosini,
akiuza ufukwe kwa kilo bila kujua,
ama akijua.

Jumamosi nakuta chanja tatu nyuma ya nyumba,
nyavu kuukuu zimevutwa juu ya fito za mkaratusi,
dagaa wametandazwa, wanang'aa kama sindano,
na Minza, mjukuu wake, amepewa kazi ya kufukuza kunguru
na kila mara anajilipa mmoja, mdomoni.

Shangazi ananipa kiganja kizima.
Natafuna nikiisubiri ile sauti kwenye meno,
krrk,
ya tangu utotoni.
Haiji.
Naona aibu kusema kwamba naitamani.

"Kapime tena," anasema, akifungua fundo la pesa.
"Na uwaambie, ile moja yao
safari hii wailipe."