Mvumo Haukuwa Wake

Wiki tatu nilimlaumu Mwalimu Trufena,
mstaafu, miaka sabini na mmoja,
anayewasomea watoto wasioona kitabu cha darasa la nne
chumbani mwangu Migosi: godoro limeegemea ukuta,
blanketi mbili zimeziba dirisha,
soda ya vuguvugu karibu na goti lake.

Kila nikiifungua sauti yake kwenye spika, chini yake: mmmmm.
Si nyuki. Nyuki hupumzika.
Si friji ya Mama Atis wa duka la chini;
nilimwomba aizime, akaizima,
maziwa yakaharibika, nikayalipa.
Mmmmm. Kama mtu anayekubali jambo
ambalo hakuna aliyemuuliza.

Basi nikamnyoa mwalimu.
Nilikata sauti yake kuanzia chini, kidogo, kisha kidogo tena,
kama fundi anayepunguza suruali ya mtu asiyekuwepo.
Mvumo haukusogea.
Nikadhani sijakata vya kutosha.

Alhamisi nikamwita aje ajisikie.
Akasikiliza mito: Yala, Nzoia, Sondu-Miriu.
Akavua miwani, kana kwamba miwani ndiyo iliyokosea.
"Huyu mwanamke amebanwa pua na nani?"
Nikabonyeza, nikamsimamisha katikati ya Nzoia.
Akainua kidole, kile cha kuwanyamazisha watoto hamsini.
"Mimi nimeacha kusoma," akasema.
"Anayeendelea ni nani?"

Nilichomoa chaja ya kompyuta.
Kimya.
Nikairudisha: mmmmm.
Nikaichomoa tena, nikaona aibu kuinua uso.

Fundi Osewe alikuja kutoka Kibuye na bisibisi sikioni.
Kompyuta ilikula stima ukuta huu, spika ukuta ule;
akazikusanya zote kwenye ekstensheni moja.
"Wanaoongea pamoja wale sahani moja," akasema.
Mvumo ukashuka, haukufa.
Akazitupa kando nyaya zangu za bei ya mia mbili:
"Hizi hubeba neno na umbea kwa mkono mmoja."
Mpya zilikuwa na nyuzi tatu.
Neno hupita mara mbili, moja wima, moja kichwa chini,
na mwisho wa safari hulinganishwa,
kama mwalimu anavyolinganisha madaftari ya waliokaa dawati moja:
kosa lililo sawa kwa wote wawili
limeokotwa njiani, lifutwe.

Kisha akafungua soketi.
Waya wa kijani na manjano ulikuwa umejikunja ndani ya ukuta,
mfupi, safi, haujafungwa popote.
Miaka sita nalipa kodi ya nyumba
isiyoujua udongo iliyosimama juu yake.
"Stima ni mgeni," akasema Osewe.
"Usipomwonyesha mlango wa kutokea, atalala kwenye kochi lako."
Mwenye nyumba alibishana kwa simu dakika arobaini,
kisha akatuma nusu ya pesa.
Tulipigilia fito la shaba kando ya tangi,
kwenye ule udongo mweusi unaonata viatuni,
tukamwagia maji, kama tunaotaka liote.

Usiku niliwasha spika.
Nikadhani zimekufa. Nikasogeza sikio hadi likagusa kitambaa.
Hapo ndipo nilipotafuta rekodi ya kwanza,
ile kabla ya mkasi wangu,
na Mwalimu Trufena akatoka kifuani mwake mwenyewe,
mzito, mwenye chembe za changarawe,
sauti iliyowahi kuvuka uwanja mzima bila kipaza.
Nikasikia kiti kikilia alipogeuza ukurasa.
Nikasikia soda ikishuka kooni.
Mbali, nyuma ya blanketi mbili, jogoo wa jirani.

Jogoo nimemwacha.
Masomo kumi na manne nitayarudia yote, kuanzia mito.
Saa saba usiku sasa. Tokeni zimebaki tatu na nukta.
Nafungua faili, nafuta nilichofuta,
na kila baada ya sentensi chache
nasimamisha, nasikiliza kama kuna mtu anaendelea.