Nyuzi Saba

Alilileta mwenyewe, mzee Ludvik Mozetič,
kasha ndani ya mfuko wa saruji, limefungwa kwa mkanda wa suruali.
Siku hiyo burja ilikuwa imepania,
bonde zima la Vipava likishikilia vigae vyake kwa mawe,
naye akaingia na ubaridi wake, akauliza
kama hifadhi ya mkoa hupokea vitu vya watu wadogo.
Nikasema hupokea. Nikavaa glavu.

Barua arobaini na mbili. Stempu za Misri.
Zote zimetoboka kona ileile: mtu alizitunga kwenye msumari.
Pasi ya kusafiria, jina la Kiitaliano,
kwa kuwa la kwetu, miaka ile, lilikuwa kosa.
Pavla akawa Paola. Karani hata hakuinua macho.

Picha ya tatu: Aleksandria, studio,
pazia lililochorwa mitende.
Mwanamke, aproni nyeupe, mtoto mapajani,
mashavu kama unga uliolala na hamira.
Fomu yangu inauliza: Nani yumo pichani?
"Mama," akasema. "Na Edgar, mtoto wa tajiri yake."
Kisha, bila kupandisha sauti:
"Na maziwa yangu. Andika. Yamo humo, ndani ya hayo mashavu."

Fomu haina mstari wa hilo.
Niliandika kwa penseli, pembezoni,
ambako mkuu wangu hasomi.

Aliachwa ana miezi mitatu. Nyumba ilikuwa na deni,
na deni halibembelezwi likalala.
Nyuma ya kila picha mama aliandika uzito wa Edgar:
kilo sita. Kilo nane na nusu.
Na chini yake: *Na wangu?*
Wangu tu, bila jina,
kama mtu anayeogopa kuita akaitikiwa.

Nona, bibi yake, hakujua kuandika. Alijua uzi.
Kila Pasaka alimsimamisha mjukuu kwenye mwimo wa mlango,
akapima unyayo hadi utosi, akakata,
akapiga mafundo kwa hesabu ya miaka, akatia kwenye bahasha.
Ndilo lililokuwa jibu:
mtoto amekunjwa mara nne, amevushwa bahari.

Zilirudi naye, nyuzi saba, katika kopo la biskuti.
Nikazilaza mezani kwa kufuata mafundo.
Zilipanda taratibu, kidogo kidogo,
ila wa tano uliruka.

"Huo ni uongo," mzee akasema.
"Mwaka huo mvua ya mawe ilimaliza mizabibu.
Tulikula ugali asubuhi, ugali jioni, kisha hata ugali ukaadimika.
Sikurefuka hata kwa ukucha.
Nona akapandisha uzi juu ya kichwa changu,
kiganja kizima cha hewa, akakata.
Akaniambia, utafika."

Wa sita una urefu uleule wa wa tano.
Nikatafuta barua ya mwaka huo:
*Uzi haukuongezeka. Mnampa nini huyo mtoto?
Natuma pauni mbili zaidi. Mnunulieni nyama.*

Mzee akacheka, mara moja, puani.
"Na huo ndio mwaka niliokua kuliko yote."

Akaweka kiganja chake mwishoni mwa uzi wa tano,
mkono wenye madoa ya uzee,
akauacha pale, muda, kana kwamba chini yake kuna kitu.
Sikumhimiza. Saa ya ukutani ilifanya kazi yake.

*Uzi wa pamba, vipande saba, hali nzuri.*
Nikampa risiti. Akaisoma yote, hata muhuri.

Alipotoka aliinamisha kichwa mlangoni,
mlango wetu wa serikali, mrefu,
uliobaki na nafasi tele juu yake.