Jina Langu Mtaroni

Mvua ya Mei ilipokatika pale Majengo
niliinua buibui nivuke mtaro,
nikajiona.
SWABRA, herufi nyekundu, taji juu yake:
pakiti ya ubuyu ya shilingi tano
imelala kifudifudi kwenye maji meusi.
Kisha ya pili. Nilipofika tisa niliacha kuhesabu,
maana mama muuza mbaazi alikuwa akinitazama.

Jina hili nilipewa na nyanya
kwa kumkumbuka dada yake,
mwanamke aliyekuwa akifagia hadi mlangoni kwa jirani.
Mie nimelichapisha mara elfu arobaini kwa mwezi
nikalitupa njiani kwa mikono ya watoto.

Kiwandani (chumba na ua; twakiita kiwanda ili benki isikie)
nilimwambia Mbwana Kombo: leo hatupimi ubuyu.
Weka kwenye mizani kile tunachokitupa.
Katoni za sukari zilizochanwa kwa hasira,
nailoni za kufungia achari,
utepe wa gundi uliojisokota kama matumbo ya kuku.
Mshale ukapanda.
Kilo thelathini na moja, siku moja,
na zote nimezinunua. Zote zimo kwenye risiti.

Mbwana hakusema neno. Alitwaa kalamu ya kuandikia bei,
akaandika ubavuni mwa katoni:

    Kasha limevaa kasha, nailoni juu shuka,
    Utepe wamvalisha, mwari akasitirika,
    Kufunua kwatuchosha, ndani ubuyu wacheka,
    Mume wake ni jalala, mahari umeshatoa.

Nilicheka hadi nikakaa chini.
Kisha sikucheka.

Tukaanza na lililo rahisi: kuvua.
Chupa ya achari ina kifuniko, nailoni juu yake ya nini?
"Ya heshima," akasema binti yangu Nargis.
Heshima hiyo tukaiondoa. Hakulalamika mtu
ila mteja mmoja wa Nyali, naye angali akinunua.
Katoni hatuzichani tena:
zinageuzwa, zinakwenda Kongowea na achari,
zinarudi, zinakwenda, hadi pembe zichoke.
Zikichoka, Kadzo wa Jomvu huja Alhamisi na mkokoteni,
hupima mwenyewe; haniamini, na ana haki.
Chupa tupu nailipa shilingi kumi.
Siku ya kwanza zililetwa tatu.
Siku ya nne akaja mtoto na kumi na moja,
mbili si zetu. Nikamlipa zote.

Lakini ubuyu.
Ubuyu wa shilingi tano hauna chupa.
Nilijaribu karatasi: rangi ikavuja,
karatasi na vidole vikawa kitu kimoja chekundu,
mwenye duka akanirudishia dazeni sita.
Sasa pana mtungi wa kioo kaunta, na kijiko,
mtoto aje na kikombe chake, au kiganja.
Maduka manne yamekubali.
Manne, kati ya sitini.
Sitaki kudanganya: hayo mengine ndiyo yanayolipa mishahara.

Leo mvua imenyesha tena.
Nimepita mtaroni makusudi, na champali za zamani.
Nimejikuta mara tano.
Nikainama, buibui likaloa,
nikawa najiokota, moja moja,
na mama wa mbaazi akauliza:
"Bi Swabra, umeangusha nini?"