Figa la Tatu

Miaka kumi na moja nilifundisha kemia, pale Himbi,
bila kemikali.
Nilikuwa na chaki nyeupe, na ya bluu moja
niliyoitunza kama dawa ya mgonjwa.
"Hapa," niliwaambia, "rangi inageuka."
Wakaandika: rangi inageuka.
Hakuna aliyeiona ikigeuka, hata mwalimu.

Leo nimepiga magoti Mugunga, nyuma ya jiko la Mama Kyakimwa,
kioo usoni, fulana nzito kifuani kama mtoto aliyelala,
na chombo cha kusaka chuma kinalia,
kinalia hapa, kinalia pale, kinalia hata pasipo na kitu,
kwa kuwa jiwe la mlima wetu lina chuma tumboni.
Nikikisikiliza sana
nitaizungushia Goma yote utepe mwekundu.

Basi macho. Basi subira.
Mafiga matatu: mawili meusi, yenye vitundu vya lava,
la tatu lina umbo ambalo jiwe halijifunzi lenyewe.
Limevaa udongo na kutu, limekaa kwa adabu.
Mama aliliokota akitoka kutafuta kuni,
akalibeba mgongoni, pale pale alipozoea kubeba wajukuu.
Jumamosi mahari ya Kavira inaletwa,
sufuria kubwa imeazimwa kwa jirani,
moto haujawashwa bado.
Bado: neno dogo. Leo limebeba nyumba saba.

Karatasi, upana wa kidole.
Naipitisha pembeni yake
kama unavyompangusa mtoto makamasi bila kumwamsha.
Tone la kwanza. Ngoja.
Nje ya utepe, mbali, kijana ameshusha magunia ya makala,
ameegemea chukudu yake, anapaza sauti:
tunapima malaria?
Tone la pili.
Karatasi
ikaona haya.

Ningependa kusema nilifikiri juu ya kifo.
Nilifikiri juu ya darasa la nne B,
juu ya Muhindo, dawati la nyuma, aliyeuliza:
"Mwalimu, inageuka haraka au polepole?"
nami nikajibu haraka, kwa kubahatisha.
Muhindo, popote ulipo: ni polepole.
Ni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako
na wewe hutaki alikumbuke.

Nyumba saba zikahama kwa saa tatu:
kuku, redio, godoro, deni la duka kwenye daftari,
na bibi mmoja mgonjwa juu ya chukudu,
kijana akimsukuma bure, taratibu, akikwepa kila jiwe.
Tukapanga mifuko ya mchanga, safu juu ya safu,
tukaupanga ukimya vilevile.
Bisimwa, mkuu wetu, akahesabu kwa Kifaransa,
lugha anayoitumia akiogopa kukosea.

Kishindo kimoja, kifupi.
Vishindo tumevizoea hapa,
lakini hiki kilipiga hodi kwanza.

Vumbi likatua. Watu wakarudi na vitu vyao,
na Mama Kyakimwa akasimama mbele yangu, mikono kiunoni:
"Mmenilipulia figa.
Sasa sufuria itakaa juu ya mawili?"

Nikatafuta kando ya ukuta. Nikapata jiwe jeusi, zito, zuri,
nikamletea likinichuruzisha jasho.
Akalizunguka mara mbili.
"Pima."
"Mama, hili ni jiwe."
"Na lile, jana, lilikuwa nini?"

Nikapima.
Wakainama wote, Kavira na nywele zake zilizosukwa nusu,
kijana wa chukudu na mikono yake ya makala,
watoto kati ya miguu ya watu wazima,
pumzi zao shingoni mwangu.
Tone. Ngojeni, nikasema,
kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo.
Tone.

Ikabaki nyeupe.
Tukaitazama muda mrefu, darasa zima,
haigeuki,
haigeuki.